KUCHAGUA MASHINE NDOGO YA KUCHONGA CHUMA KWA KARAKANA YA NYUMBANI

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Ushirika, iliyosomwa mbele ya wanachama na mafundi katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Wahenga walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii ni ya kweli shambani, kwa maana mvivu hakosi sababu, na aghalabu sababu yake ya kwanza ni mpini. Lakini katika jambo tulilopewa kulizungumza leo, twawaomba wazee ruhusa tuiweke methali hiyo kando kwa muda wa saa moja. Jembe likikushinda, hasara yake ni ndogo. Mashine ya kuchonga chuma ikikushinda, hasara yake ni mavuno ya misimu kadhaa, na fedha hiyo hairudi.

Twazungumza juu ya mashine ambayo mafundi wetu huiita milingi. Tunaanza na jina kwa sababu limekwisha kuwapotosha watu wengi. Ukiingia katika duka la mashine Mwanza au Gerezani, Dar es Salaam, ukataja neno hilo la milingi tu, muuzaji atakuonyesha mashine ya kusaga mahindi, wala hatakuwa amekosea, kwa sababu Waingereza hutumia neno moja kwa mashine zote mbili. Basi sema wazi kwamba wataka mashine ya kuchonga chuma, yenye meza inayokwenda na kikatio kinachozunguka. Na tukisema ndogo, twakusudia ile inayokaa juu ya meza ya kazi katika banda la nyumbani, si zile kubwa za viwandani zinazokaribia uzito wa tani moja.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA WANACHAMA

Huenda mzee mmoja akajiuliza: Chama cha wakulima kina haja gani na mashine ya kuchonga chuma? Sisi tunauza kahawa, pamba, tumbaku na nafaka. Vyuma ni kazi ya mafundi.

Ndugu wanachama, tazameni msimu wa kahawa katika nyanda za juu za Tarime. Matunda yaliyoiva yakichumwa leo, hayana budi kumenywa leo. Yakilala na maganda yake huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha huonja kasoro yake kikombeni hata ikioshwa na kuanikwa kwa uangalifu gani. Sasa mashine ya kumenyea isimame saa nane mchana kwa kuwa shafti yake imekatika, au ufunguo unaoishikilia puli umesagika: je, wakulima walio kwenye foleni wafanye nini na ndoo zao? Kasoro hiyo ya chuma hugeuka kasoro ya daraja, na kasoro ya daraja hugeuka upungufu wa bei kwa kila mmoja wetu.

Tazameni tena upande wa Mugumu na vijiji vyake. Mashine ya kusaga unga ikisimama, kina mama hutembea na mahindi, mtama au ulezi hadi kijiji cha pili. Plau za ng'ombe, pampu za maji, mikokoteni, yote hayo yana mihimili, matundu na vifungo vinavyolika.

Mpaka sasa desturi yetu imekuwa ni kukifunga kile chuma kilichovunjika katika gunia, kukipakia katika basi, na kukipeleka Musoma au Mwanza. Na wengine huvuka mpaka Sirari hadi Isebania au Migori. Siku moja ya kwenda, siku za kungoja zamu, siku moja ya kurudi. Na chuma chenyewe kikirudi kimezidi au kimepungua nusu milimita, safari huanza upya. Hiyo ndiyo gharama tunayoitaka ipungue. Wala hatusemi kwamba kila mwanachama anunue mashine. Twasema kwamba miongoni mwetu wamo vijana waliosoma ufundi katika vyuo vya VETA, na wengine waliofanya kazi katika karakana za migodi, ambao wanazo karakana ndogo nyumbani na wanafikiria kununua. Yatupasa wanunue kwa akili, kwa sababu wengi wao wanakusudia kukopa, na fedha watakayoikopa ni akiba yetu sisi sote.

KAZI ITANGULIE, MASHINE IFUATE

Yafaa tuseme kwanza mashine hii inafanya nini. Katika kerezo, ile mashine ambayo mafundi huiita lethi, chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Ndiyo maana kerezo hufanya vitu vya mviringo. Katika milingi mambo hugeuka: chuma hufungwa juu ya meza, na kikatio chenye meno ndicho kinachozunguka. Meza huendeshwa kwa magurudumu ya mkono, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kichwa hushuka na kupanda. Kwa hiyo milingi hufanya nyuso bapa, mifereji, pembe nne, na matundu yaliyopangwa kwa vipimo sawasawa.

Fundi Mmarekani Joseph R. Brown, wa kampuni ya Brown & Sharpe, alibuni milingi ya kazi nyingi mwaka 1862, na kazi iliyomsukuma ilikuwa ni moja tu: kuchonga ile mifereji inayojipinda ya kekee, ambayo wakati ule ilichongwa kwa tupa ya mkono. Tunakitaja kisa hicho kwa sababu kina mafunzo. Mtu yule alikuwa na kazi mkononi kabla ya kuwa na mashine. Nasi tuanze hivyo hivyo.

Basi fundi achukue daftari na aandike kazi zote zilizomjia katika mwaka mmoja. Katika wilaya zetu ataona orodha inayofanana na hii: mfereji wa ufunguo katika shafti ya mashine ya unga; ncha ya pembe nne katika mkono wa mashine ya kumenyea kahawa; bamba la kufungia mota, lenye matundu marefu ya kukazia mkanda; uso wa chuma cha kusubu uliopinda na kuvuja; na mara moja moja, gia iliyovunjika jino.

Tuutazame mfereji wa ufunguo, maana ndio kazi ijayo mara nyingi kuliko zote. Kwa vipimo vya kawaida vya milimita, shafti yenye kipenyo cha zaidi ya 22 hadi 30 huchukua ufunguo wa upana wa milimita 8, na mfereji wake katika shafti huwa na kina cha milimita 4. Shafti ya zaidi ya 30 hadi 38 huchukua ufunguo wa milimita 10, na kina cha milimita 5. Fundi hodari aweza kuuchonga mfereji huo kwa tindo na tupa, lakini humla saa nyingi, na pande zake hazilingani barabara. Ndipo ufunguo huanza kucheza, na kinachocheza hakikawii kuvunjika. Milingi ndogo huufanya kwa muda mfupi na kwa pande zilizonyooka.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mfereji ulio ndani ya tundu la puli hauchongwi kwa milingi hii. Huo wahitaji kisu cha kuvuta au kusukuma, au tupa nyembamba na subira. Kadhalika milingi haikerezi shafti mpya. Kwa hiyo, kijana mwenye fedha ya mashine moja tu, na katika mtaa wake hakuna kerezo, anunue kerezo kwanza. Mwenye kerezo tayari, au mwenye jirani aliye na kerezo na wanaelewana, huyo ndiye anayefaa kufikiria milingi.

UKUBWA, UZITO NA NGUZO

Katika biashara ya mashine hizi ndogo, nyingi zinatoka China, na zinazofanana huuzwa kwa majina mengi na rangi nyingi. Kampuni ya Sieg ya Shanghai, kwa mfano, hutengeneza mashine ambazo wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani hubandika majina yao wenyewe. Basi mtu asivutwe na rangi wala jina. Asome uzito, vipimo na nguzo.

Kwa jumla ziko namna tatu zitakazowafaa watu wa karakana za nyumbani. Ya kwanza ni ile ndogo yenye uzito wa takriban kilo 50 hadi 60, ya mfano wa Sieg X2. Meza yake huwa na urefu wa kama milimita 400, na mota yake ni ya kati ya wati 350 na 500. Ya pili ni ya kati, yenye uzito unaozidi kilo 100, ya mfano wa X3. Ya tatu ni nzito, ya kilo 250 hadi 300 au zaidi, na mafundi wengi huiita mashine ya kutobolea na kuchonga pamoja, kama ile RF-30 iliyoanzia Taiwan.

Uzito si jambo la kulidharau. Kikatio kinapouma chuma, mashine yote hutikisika. Na mashine nyepesi ikitikisika, uso hutoka na mawimbi, meno huvunjika, na vipimo hupotea. Mwenye mashine ya kilo 50 atafanya kazi ile ile, lakini kwa kukwangua kidogo kidogo. Ule mfereji wetu wa kina cha milimita 4, kwa mashine ndogo, afadhali auchonge kwa nusu milimita kila mara, yaani mara 8. Ni polepole, ila unatoka mzuri. Anayetaka kuuchonga kwa mara mbili na anunue mashine nzito, wala asiitese ile nyepesi.

Baada ya uzito, tazama nguzo. Ziko nguzo za mviringo kama bomba, na ziko nguzo bapa zenye reli za kuteleza. Nguzo ya mviringo ni imara, na mashine zake aghalabu ni rahisi kwa uzito wake. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: ukikilegeza kichwa ili kukipandisha au kukishusha, huzunguka kidogo pembeni, na pale ulipokuwa umeweka katikati ya tundu huparejei tena. Fundi wa nguzo ya mviringo hulazimika kupanga kazi yake ili kichwa kisihamishwe katikati ya kazi. Nguzo bapa hupanda na kushuka bila kuipoteza njia yake. Nazo baadhi ya nguzo bapa za mashine ndogo zimefungwa kwa nati moja kubwa nyuma ili ziweze kulazwa upande. Hizo hulegea mapema kuliko zile zilizofungwa moja kwa moja kwenye kitako. Kwa kazi zetu, kulaza kichwa ni jambo la nadra, na uimara ni jambo la kila siku. Twapendelea nguzo bapa isiyolala.

Tena pima nafasi iliyopo kati ya meza na ncha ya mhimili unaozunguka. Hapa wengi hudanganywa na karatasi ya muuzaji. Nafasi hiyo huonekana kubwa, lakini jiliwa litakula sehemu yake, kishikio cha kekee kitakula sehemu nyingine, na kekee yenyewe nayo ina urefu wake. Chukua jiliwa lako na shafti ya mashine ya unga, upime kabla ya kulipa.

MHIMILI, GIA NA UMEME

Vikatio hushikwa na mhimili kwa tundu lenye umbo la pia. Mashine ndogo nyingi huwa na umbo linaloitwa Morse namba 3, au lile liitwalo R8, ambalo lilianza na mashine za Bridgeport za Marekani. Yote mawili yafaa. R8 huachia kwa urahisi zaidi. Morse hung'ang'ania, na huhitaji kugongwa kwa nyundo laini, jambo ambalo baada ya miaka huziumiza beringi. Lililo muhimu ni kwamba vishikio vyake vipatikane. Ulizia kwanza mafundi wa Musoma na Mwanza wanatumia umbo gani, ili siku ya dhiki uweze kuazima.

Juu ya mwendo, mashine nyingi ndogo za zamani zina gia za plastiki ndani ya kichwa. Kikatio kikinasa ghafla, gia huvunjika ili mota iokoke. Si jambo baya, mradi mnunuzi apate gia za akiba siku ile ile anayonunua mashine. Mashine za mkanda hazina taabu hiyo, maana mkanda huteleza tu, na hazina kelele nyingi.

Umeme nao wataka mazungumzo. Umeme wa TANESCO ulio katika nyumba zetu ni wa volti 230, mizunguko 50, na wa fezi moja. Mashine ya fezi tatu itabaki pambo katika nyumba isiyo na fezi tatu, ingawa ni bora namna gani. Na mashine iliyoletwa kutoka Marekani kwa bei ya kuvutia huenda ikawa ya volti 110. Soma kibao cha mota kwa macho yako mwenyewe. Kadhalika, mashine ambazo mwendo wake hubadilishwa kwa kitufe huwa na saketi ya elektroni ndani. Umeme ukipanda na kushuka, saketi hiyo huungua kwanza. Asiyeweka kifaa cha kutuliza umeme na aandae fedha ya saketi nyingine.

Kuhusu kasi, tuwape vijana kanuni moja waiandike ukutani. Kwa kikatio cha chuma kigumu cha kawaida kinachochonga chuma laini, gawanya 8,000 kwa kipenyo cha kikatio kwa milimita. Jibu ni mizunguko kwa dakika. Kikatio cha milimita 10 ni mizunguko 800. Cha milimita 20 ni 400. Cha milimita 5 ni 1,600. Kwa alumini, kasi yaweza kufika mara tatu ya hiyo. Ukiona mashine ambayo mwendo wake wa chini kabisa hauwezi kushuka hadi 400, jua kwamba vikatio vikubwa havitakufaa.

FEDHA IGAWANYWE MAFUNGU MAWILI

Sasa tunafika mahali ambapo mikopo mingi huharibikia. Kijana hukusanya fedha, anaona bei ya mashine, fedha inatosha, ananunua, anaifikisha nyumbani, kisha anagundua kwamba hana cha kushikia chuma wala cha kukatia. Mashine hukaa chini ya turubai, na marejesho hayangoji.

Mafundi wenye uzoefu wa nchi nyingi hukubaliana kwamba vifaa vya mashine hii, baada ya muda, hugharimu karibu sawa na mashine yenyewe. Basi twashauri fedha igawanywe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mashine. Fungu la pili ni la jiliwa imara lililonyooka, koleti na kishikio chake, vikatio vya milimita 6, 8, 10 na 12, viwili viwili, kwa kuwa cha kwanza kitavunjwa na kujifunza, vifungio vya meza, saa ya kupimia kwa sehemu ya mia ya milimita, kalipa, gia au mikanda ya akiba, na usafiri. Asiyeweza kulijaza fungu la pili angoje msimu mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Kichwa cha kugawanyia, kile kinachosaidia kuchonga gia na nati za pembe sita, kisinunuliwe mapema. Ni kifaa kizuri: vingi vyake hutaka mizunguko 40 ya mkono kwa mzunguko mmoja wa kazi, kwa hiyo gia ya meno 20 ni mizunguko 2 kwa kila jino. Lakini vikatio vya gia huja seti ya 8 kwa kila ukubwa wa jino, na ni ghali. Kwa gia moja au mbili kwa mwaka, afadhali kununua gia iliyo tayari.

Na yupo mtu anayejiambia, "Ninayo mashine ya kutobolea, nitaifunga kikatio nichonge nayo." Ndugu yangu, acha. Mashine ya kutobolea imeundwa kwa kusukuma chini, si kwa kusukumwa kando. Kishikio chake kimekaa kwa kubana tu. Kikisukumwa kando na kutikisika huchomoka kikiwa katika mwendo, na kikatio hicho hakichagui mkono wala uso.

UKIKUTA MASHINE ILIYOTUMIKA

Nchi yetu ina mashine nyingi za kale. Serikali iliunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973; na katika miaka ya 1980 kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilijengwa huko Hai kwa ushirikiano na Bulgaria, ili nchi iweze kujitengenezea mashine zake. Karakana nyingi za zama zile zimefungwa au zimebadilisha vifaa, na mashine zao huuzwa. Mashine ya kale iliyotunzwa yaweza kuishinda mpya ya bei ile ile. Lakini itazame hivi.

Endesha meza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa ni laini katikati na nzito mwishoni, reli zimelika katikati, ambako kazi hufanyika. Ukizikaza katikati, mwishoni hapatapita. Shika gurudumu la mkono ulicheze mbele na nyuma: tazama linazunguka kiasi gani kabla ya meza kusogea. Ulegevu kidogo ni wa kawaida. Wa robo ya mzunguko ni wa kuulizwa. Weka saa ya kupimia kwenye tundu la mhimili, uzungushe kwa mkono, uone sindano inayumba kiasi gani. Washa, uiache izunguke kwa dakika kadhaa, kisha guse kichwa: joto kali na mlio wa kukwaruza ni beringi. Tazama pia kama vipimo vya magurudumu ni vya milimita au vya inchi, kwani inchi moja ni milimita 25.4, na kugeuza hesabu kila mara ni mlango wa makosa. Muuzaji akikataa usifanye hayo, mshukuru, uende zako.

Hata mashine mpya ioshwe mafuta yake ya safari, ikazwe, na kichwa kipimwe kama kimesimama wima juu ya meza, kabla haijachonga chuma cha mteja.

NYUMBA YA MASHINE NA USALAMA WA WATU

Mashine hii haikai juu ya sakafu ya udongo wala meza inayoyumba. Ijengewe meza ya mbao nzito au ya chuma juu ya saruji, na ifungwe kwa bolti. Tarime ina mvua nyingi, na kutu haina urafiki. Kila jioni meza ya mashine ifutwe, ipakwe mafuta na kufunikwa. Jiwe la kunolea lisiwe karibu nayo, kwa maana vumbi la jiwe likiingia katika reli hula chuma kila meza inaposogea.

Anayeisimamia avae miwani, asivae glavu, afunge mikono ya shati, na asiguse vile vipande vilivyokatwa kwa vidole, bali kwa brashi. Chuma kisukumwe dhidi ya mzunguko wa meno, hasa katika mashine ndogo yenye ulegevu, kwa sababu kikisukumwa pamoja na mzunguko, kikatio hukivuta ghafla. Na kwa kuwa karakana iko nyumbani, penye watoto, swichi iwe na kufuli.

TUNALOWAOMBA

Ndugu Mwenyekiti, katika miaka hii 10 Chama Kikuu kimejifunza kupima kahawa kwa mizani ya haki na kumlipa mkulima kwa stakabadhi. Vyama vyetu vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi mali ya ushirika ilivyotawanyika katika miaka ile. Hatupendi tena kuona mali iliyonunuliwa kwa jasho la wanachama ikiota kutu.

Basi twaiomba Bodi ifikirie mambo matatu. Kwanza, mkopo wowote wa mashine ya karakana utolewe baada ya mwombaji kuleta daftari la kazi za mwaka mmoja, na orodha ya vifaa pamoja na bei zake, si bei ya mashine peke yake. Pili, fundi anayekopeshwa atie sahihi kwamba katika msimu wa mavuno, kazi za mashine za vyama vya msingi zitatangulia kazi nyingine, kwa bei iliyokubaliwa mapema. Tatu, mafundi wa pande mbalimbali, wa Sirari, wa Nyamwaga, wa Tarime mjini na wa Mugumu, wakubaliane mashine za namna moja, ili gia ya akiba ya mmoja iweze kumwokoa mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nanyi vijana, msione haya kuanza na mashine ndogo. Shafti yenye mfereji ulionyooka haiulizi ilichongwa na mashine ya kilo ngapi. Itauliza tu kama aliyeichonga alipima, na jibu litaonekana siku ile ndoo za kahawa zitakapokuwa zimejipanga, na mashine ya kumenyea ikaendelea kuzunguka.

Ushirika wetu udumu.